Siku Tuliyomkataa Mwalimu

Mheshimiwa mgeni rasmi. Profesa, mkuu wa maabara hii, pamoja na watafiti wako wote. Wajumbe wa kamati ya mfuko wetu. Madaktari na wauguzi mlioiba muda kutoka wodini na mnaotazama saa kwa siri. Wachangiaji wenzangu, vinyozi, waokaji mikate, mafundi, walimu na wastaafu. Wagonjwa wetu, mliopona na mnaoendelea kupambana. Na ninyi ndugu zangu wa damu mliokimbilia viti vya nyuma mkidhani huko sitawaona: nawasalimu nyote kwa heshima na mapenzi. Kama kuna niliyemruka, au niliyemtaja chini ya cheo chake, aniwie radhi. Itifaki sikuisomea. Mimi ni dobi.

Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba nina dakika kumi na tano. Nami nimemwambia hivi: nimekaa na Profesa kwenye vikao kwa miaka kumi na miwili, na sijawahi kumwona akimaliza hata salamu kwa dakika kumi na tano. Basi leo, siku ninayoachia uenyekiti, naomba nihurumiwe kama alivyohurumiwa yeye.

Ndugu zangu, wengi mnajua tulipo leo. Kesho asubuhi, mlango wa tatu upande wa kushoto wa korido hii, chumba kilichopakwa rangi juzi na ambacho bado kinanuka rangi, kitaanza kupima watu saratani ya umio, yaani lile koo linalopitisha chakula. Watapimwa watu wanaokula vizuri, wanaocheka, wasiohisi chochote. Lakini ni wangapi mnaojua tulikotoka? Tulitoka kwenye meza yangu ya kupigia pasi.

Profesa wakati ule hakuwa profesa. Alikuwa daktari kijana, mwembamba kama ufagio, na alikuwa analeta makoti yake meupe kwangu. Nilimfahamu kupitia mifuko yake kabla sijamfahamu yeye. Kila koti lilikuwa na kalamu iliyovuja na biskuti iliyovunjika. Mgeni rasmi, usicheke, biskuti bado zipo. Niliziona kwenye koti la wiki iliyopita. Siku moja alikuja kuchukua makoti akasimama tu mbele ya meza, hachukui, haondoki. Nikamuuliza, "Daktari, kuna nini?" Akasema, "Mama, nimechoka kuwaambia watu kwamba wamechelewa. Wanakuja kwangu wakati hata maji hayapiti kooni."

Nikamuuliza swali la mtu asiyejua kitu: kwa nini hawaji mapema? Akaniambia mapema hakuna dalili wanayoiona wao. Ipo labda dalili ndani ya mwili, lakini hakuna anayeitafuta. Nikamuuliza kwa nini haitafutwi. Akajibu, na jibu lile ndilo lililoniweka kwenye kiti hiki kwa miaka yote hii: "Kumtibu mgonjwa kuna bajeti, hata kama haitoshi. Kuuliza swali hakuna bajeti."

Nikaweka pasi pembeni. Nikasema, swali lenyewe linagharimu nini? Akanieleza: dawa za maabara, jokofu maalumu, vioo vya darubini, mshahara wa wanafunzi wawili wa utafiti. Aliponitajia jumla nilicheka kwa sauti. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu yeye hakucheka.

Jioni ile ile nikamweleza mdogo wangu. Wengi mnamfahamu, ni kinyozi, duka lake linatazamana na langu, na ana mdomo unaofanya kazi kuliko mkasi wake. Nilitegemea anitanie. Badala yake akasema, "Dada, mimi naanza. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, vichwa vyote nitakavyonyoa ni vya daktari wako." Ndivyo mfuko huu ulivyozaliwa. Mchangiaji wa kwanza ni kinyozi, na wa pili ni dobi aliyeona aibu kupitwa na kinyozi.

Wakaja wengine. Mwokaji akatoa mauzo ya tanuri la kwanza la siku. Bibi harusi mmoja aliwaambia wageni wake wasilete sufuria, walete mchango, na mama mkwe wake mpaka leo hajasahau zile sufuria. Mzee mmoja fundi saa alituachia katika wosia wake vifaa vyake vyote, tukaviuza. Hatukupata serikali nyuma yetu wala kampuni kubwa, na simlaumu mtu. Wenye fedha nyingi hupenda kuingia pale ambapo njia imeshaonekana. Sisi tulikuwa tunalipia ule wakati ambapo hakuna njia, kuna wazo tu na vijana wawili wenye usingizi mbele ya darubini. Na nani wa kupewa fedha hizo hatukuamua sisi. Tuliunda jopo la wataalamu wasiotujua, wanaosoma maombi ya watafiti bila kujua nani ni rafiki wa nani. Mimi mwenyewe, kama mwenyekiti, sikuwa na kura pale, na ninawashukuru walionikatalia nilipoitaka.

Na tulijiwekea sharti moja. Fedha za mfuko ni za utafiti tu. Hazilipii kitanda, hazilipii dawa ya mgonjwa, hata awe nani. Tuliliandika siku ya kwanza, tukapiga makofi, tukanywa chai. Ni rahisi sana kupigia makofi sharti ambalo halijakugusa.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo mdogo wangu, kule nyuma, ameshaanza kutazama viatu vyake. Nimemwomba ruhusa. Amesema, "Sema, lakini usitie chumvi." Sitatia.

Mke wake, wifi yangu, alikuwa mwalimu wa chekechea. Wazazi mliopitisha watoto mikononi mwake mpo hapa ndani, naona mnavyotikisa vichwa. Mwaka wa nne wa mfuko, wifi alianza kuacha chakula kwenye sahani. Alisema ni vidonda vya tumbo. Halafu akasema ni uchovu. Halafu akawa anakunywa tu, na wakati wanafika hospitali, daktari aliyempokea alikuwa yule yule wa makoti.

Matibabu yaliyohitajika hayakuwa hapa, yalikuwa mbali, na gharama yake ilikuwa imempita mdogo wangu. Akaja kwenye kikao cha kamati, akiwa amemshika mkewe mkono. Hakuketi. Akasema, "Nimechangia tangu kabla mfuko huu haujapata jina. Sijawahi kuomba hata shukrani. Leo mgonjwa ni wangu. Naomba."

Niambieni, ninyi mliokaa hapa, mngemjibu nini?

Kamati iligawanyika katikati. Mwokaji alikuwa analia waziwazi. Fedha zilikuwepo, hilo nisilifiche, zilikuwepo na zingetosha. Lakini zilikuwa za awamu ya pili ya utafiti, zimeshaahidiwa, na vijana wa maabara walikuwa wameshaanza kukusanya sampuli kwa wagonjwa walioridhia, wakiamini tutawafikisha. Na kulikuwa na wagonjwa wengine kumi nje ya mlango ule ambao hawakuwa na dada mwenyekiti. Wote wakanigeukia mimi. Nikasema hapana. Nilimtazama mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, nikamwambia hapana mbele ya mke wake.

Akasema, "Sawa, mwenyekiti." Hakuniita dada. Wakatoka.

Nashukuru kwamba hadithi haikuishia pale, na kwamba wanakamati wenzangu walikuwa na roho kuliko sharti lao. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamepita duka kwa duka, kila mtu kwa mfuko wake wa suruali, si kwa mfuko huu wetu. Vinyozi walifanya wiki nzima ya kazi kwa ajili ya mwenzao. Wifi akasafiri, akatibiwa, na akaongezewa muda. Tangu siku ile tuna desturi ambayo haijaandikwa popote: tukimwambia mtu hapana, hatubaki tumeketi. Mmoja wetu huinuka na kutoka naye, na hamwachi mpaka apate pa kushika. Mimi nilitoa changu pia. Mdogo wangu alikirudisha, akakiweka juu ya meza yangu, na taulo zake za dukani akaanza kuzipeleka kwa dobi mwingine. Taulo zilirudi zimepauka, lakini hakunirudia.

Aliyekuja ni wifi. Alirudi kutoka kwenye matibabu amekonda, kitambaa kichwani, koti limemzidi. Akasimama pale pale alipokuwa akisimama daktari. Akasema, "Wifi, sikuja kugombana na sikuja kusamehe. Nimekuja kuuliza. Hicho kitu mlichokilinda siku ile, ni nini hasa? Nieleze, maana mimi ndiye niliyepewa hapana, nina haki ya kujua hapana yenyewe ilikuwa ya nini." Nikafunga duka, nikamshika mkono, tukaja hapa.

Profesa, unakumbuka? Ulitukaribisha vizuri, ukatuvutia viti, ukaanza kueleza. Ulieleza kwa ufasaha mkubwa. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kama wazazi wanavyomsikiliza mwalimu mkuu. Kisha akasema, "Sijaelewa." Ukaanza upya, ukaongeza mchoro. Akasema, "Mchoro ni mzuri. Sijaelewa." Ukaanza tena, jasho linakutoka. Akakwambia, "Mwanangu, tulia. Usiniambie unachokijua. Niambie unachokitafuta."

Hapo ndipo ulipovua miwani. Ukasema: seli za mwili hazigeuki kuwa saratani siku moja. Zinapita kwenye hatua ya katikati, ambapo bado si ugonjwa lakini si uzima tena. Sisi tunatafuta alama ya hatua ile, kitu ambacho tunaweza kukiona kwa kupangusa koo tu, kabla mtu hajahisi chochote.

Wifi akasogeza kiti chake mbele. Akasema, "Darasani kwangu namjua mtoto atakayelia kabla hajalia. Mdomo wa chini unatetemeka. Ukimwahi pale, halii. Kumbe ninyi mnatafuta mdomo unaotetemeka." Profesa akasema ndiyo, ni hivyo hasa. Na mimi, niliyekuwa nimechangisha fedha za utafiti huu kwa miaka minne, siku ile ndipo nilipouona vizuri.

Akakubali sampuli zake zichukuliwe. Lakini alitoa masharti, kwa sababu hakuwa mtu wa kutoa kitu hivi hivi. Kila mwaka, alisema, watafiti wasimame mbele ya wachangiaji, waseme walichofanya na fedha za watu. Na mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, akisema "sijaelewa," mtafiti aanze upya, bila kununa. Ndiyo asili ya Kikao cha Sijaelewa, ambacho wageni huwa wanadhani ni mzaha. Watafiti kutoka mbali wamekuja hapa na shahada zao wakakaa mbele ya mwuza mkaa, wakaanza upya mpaka wakapata kikohozi. Na wote, wakitoka, husema kwamba wao wenyewe sasa wanaielewa kazi yao.

Kulikuwa na mwaka mmoja mgumu. Profesa alisimama akasema, "Njia tuliyoifuata miaka mitatu imeshindikana. Alama tuliyoishika haitofautishi mgonjwa na mzima." Hakupaka rangi. Mwokaji akainuka, akauliza, "Kwa hiyo fedha zetu zimepotea?" Profesa alifungua mdomo, na kabla hajajibu wifi akainuka. Wakati huo alikuwa anasimama kwa kushikilia kiti. Akasema, "Zimetumika. Tumelipia kujua kwamba huko hakupitiki, na hakuna atakayemlipisha mtu mwingine kujua hilo tena. Mimi mwalimu. Mtoto akikosea hesabu simnyang'anyi penseli." Mwaka ule, mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka wa kushindwa, ndio mwaka uliopata michango mingi kuliko yote iliyotangulia.

Wifi alitutoka kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Nilimpenda. Nasema hivyo mbele yenu kwa sababu nilichelewa kumwambia mwenyewe, na kwa sababu alikuwa na haki ya kunichukia akaamua kunifundisha. Siku nne baada ya maziko nilifungua duka nikakuta mfuko wa taulo za kinyozi umewekwa mlangoni. Hakukuwa na salamu wala maelezo. Nilizifua kwa mikono yangu miwili, sikutumia mashine. Na Jumatatu ya kwanza ya mwezi ilipofika, mdogo wangu alinyoa vichwa kama kawaida, mchango wake ukafika kama kawaida. Lakini kwenye kikao hakuja. Miaka yote iliyofuata hakuja. Tulisalimiana, tulikula pamoja sikukuu, watoto wake wananiita shangazi kwa mapenzi yote, ila jambo lile lilikaa katikati yetu kama kabati zito ambalo kila mtu analizunguka.

Sasa nisikilizeni. Mwezi uliopita Profesa aliitisha kikao kutoa matokeo ya njia ya pili. Nami nilikuwa nimeketi pale mbele, nikaona mlango unafunguliwa, na mdogo wangu anaingia na aproni yake ya kazi, nywele za watu bado mabegani. Akaketi.

Profesa akaeleza. Kipimo kimefanya kazi. Kimewaona watu ambao hakuna macho ambayo yangewaona, na waliotibiwa katika hatua ile wanakula chakula chao mpaka leo. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu akainua mkono akasema, "Sijaelewa."

Profesa akaanza upya, polepole. Mdogo wangu akasema tena, "Sijaelewa." Baadhi yenu mlianza kugunaguna, nawakumbuka, mkidhani amekuja kuharibu. Profesa akasema, "Nianzie wapi, kaka?" Mdogo wangu akasema, "Anzia kwa mke wangu. Kama kipimo hiki kingekuwepo mwaka ule, angeonekana?"

Nilikuwa naogopa kumtazama Profesa. Mtu mwingine angepindisha maneno. Profesa alivua miwani yake, akaondoka mbele ya ukumbi, akaenda kusimama mbele ya kiti cha mdogo wangu. Akamwambia, "Sampuli yake tunayo. Tumeipima. Sehemu ya pembeni ya kile kipande, ile ambayo haikuwa imeugua bado, ina alama. Siwezi kukuapia, kaka. Lakini naamini angeonekana, miaka miwili kabla ya siku mliyokuja."

Mdogo wangu akasema, "Sasa nimeelewa." Akalia, na ukumbi mzima ukamwacha alie.

Ndugu wachangiaji, hicho ndicho mlichokilipia. Kila kichwa kilichonyolewa, kila mkate, kila sufuria ambayo haikuletwa harusini, vilikuwa vinanunua miaka miwili ya mtu ambaye hamtamjua. Mtu huyo hatakuja kuwashukuru, kwa sababu hatajua kwamba alikuwa anakufa. Basi leo nawashukuru mimi kwa niaba yake. Nawashukuru watafiti mliokubali kuanza upya. Nawashukuru wagonjwa mliotoa vipande vya miili yenu kwa ajili ya makoo ya watu wengine. Na Profesa, kijana wangu wa biskuti, nakushukuru kwa kutochukua makoti yako siku ile.

Linabaki jambo moja. Wiki iliyopita kamati ilikaa kutafuta mwenyekiti mpya, na jina lililotajwa na kila mtu lilikuwa moja. Tukamwita. Alisimama pale pale aliposimama akiwa na mkewe, na safari hii pia hakuketi. Alitusikiliza, kisha akauliza, "Akija mtu kama nilivyokuja mimi?"

Nikaanza kuinuka ili nimjibu, akaniwahi.

Akajijibu mwenyewe. Akasema, "Nitamwambia hapana. Halafu nitavaa viatu, nitoke naye." Akanigeukia. "Ndivyo, dada?"

Wapendwa, mdogo wangu hajawahi kuniambia kwamba nilifanya vema siku ile, na sitamwomba aniambie. Ameniita dada ndani ya chumba kile, na mimi nimeshalipwa.

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Mwenyekiti, toka huko nyuma uje mbele, watu wanakungoja.